Vijiko Viwili vya Ndimu

Kila asubuhi ya likizo, mimi na rafiki yangu Eugenia tuliosha chupa katika zahanati moja ndogo ya mtaa wa Pasiansi. Ilikuwa mwaka 1961, Uhuru umekaribia. Chupa zikikauka, Bwana Mutayoba, mtengeneza dawa, alizijaza dawa ya kikohozi.

Jumatatu moja akasema, "Eugenia, leo utakoroga dawa. Sihaba, wewe endelea na chupa."

Roho iliniuma! Eugenia alikuja juzi tu kutoka Bukoba. Mimi nimeosha chupa tangu likizo ya kwanza. Nikajisemea, anampendelea kwa kuwa wote wawili ni watu wa Bukoba.

Dawa yenyewe ilichemshwa na sukari nyingi, kisha ikatiwa vijiko viwili vya maji ya ndimu. "Bila ndimu," Bwana Mutayoba alitufundisha, "sukari ikipoa inajikusanya tena, inakuwa chenga ngumu chini ya chupa."

Siku ya tatu akaitwa kwa mgonjwa aliyeungua. Akaniachia kazi ya kukamua ndimu.

"Sihaba, leta basi, inapoa!" Eugenia akahimiza.

"Nakuja, bibi mkubwa!"

Nikampa kikombe cha maji matupu. Macho yake yalikuwa kwenye povu la dawa. Akapima vijiko viwili, akatia.

Baada ya wiki moja, mama Nkwabi aliingia na mwanawe mgongoni.

"Bwana Mutayoba, dawa gani hii? Juu maji, chini mawe! Mtoto halali siku ya nne."

Bwana Mutayoba akaipindua chupa. Maji yakamwagika, chenga zikang'ang'ania chini.

"Eugenia, ndimu uliweka?"

"Niliweka, Bwana. Vijiko viwili."

"Chenga hizi zinakukana. Kesho usije."

Maneno hayo niliyangoja wiki nzima. Lakini Nkwabi akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashindwa hata kulia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpa maji."

"Sihaba! Nilikukosea nini?" Eugenia akauliza.

"Wewe unakoroga, mimi naosha tu."

Bwana Mutayoba alimpa kwanza mama Nkwabi chupa nyingine, ya dawa nzima. Kisha akamwambia Eugenia, "Nisamehe, mwanangu. Kesho njoo." Akanigeukia.

"Punje moja tu ya uchafu ndani ya chupa huanzisha chenga, hata ndimu ikiwepo. Hakuna anayesafisha kama wewe, ndiyo maana nilikuacha hapo. Sikukuambia, na hilo ni kosa langu. Lakini sikiliza: ulimwonea wivu mwenzako, aliyeumia ni mtoto asiyekujua hata jina. Ukiwa na neno moyoni, njoo uniambie. Usilitie kwenye dawa."

Chupa kumi na moja zilikuwa zimeshachukuliwa na wagonjwa. Akanipa kikapu nizikusanye nyumba kwa nyumba, na kila nyumba niseme nilichofanya.

Eugenia alinifuata nyuma. Tulipofika kwenye mlango wa kwanza nikasita, nikamtazama.

"Bisha wewe," akasema.

Nikabisha hodi.