Jina la Mwenye Faili

"Sindano saba. Narudia, sindano saba."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Jasusi Sitti aligeuza pikipiki yake ya Yamaha palepale kando ya reli, akaingia mtaa wa Namuwongo kwa kasi iliyowafanya wauza nyanya wamtukane. Maana ya maneno hayo ya siri aliijua: lori la dawa bandia limeonekana.

Lilikuwa ndani ya yadi ya mizigo. Katoni mia tatu za dawa ya malaria, kwinini ya maji matupu.

Mwezi uliopita maji kama hayo yalimuua Nasif, mtoto wa dada yake. Miaka minne tu.

Alipanda ngazi mbilimbili hadi chumba cha seva. Geti la yadi lilitii mfumo wa kompyuta pekee: namba ya lori ikiwa kwenye orodha ya mizigo haramu, halifunguki. Leo mfumo wenyewe ulikuwa umegoma, geti halimfungukii yeyote, na bila orodha hapakuwa na ushahidi wa kumkamata dereva.

Akapiga simu. "Afande Okidi, nimefika."

Okidi alikuwa chini, kando ya lori, bastola ya Glock kiunoni. Ndiye mkuu wake, ndiye aliyemfundisha kompyuta tangu siku ya kwanza kikosini.

"Hiyo kitu nasema nini?"

"Ruhusa imekataliwa, afande. Mfumo unashindwa kusoma faili ya orodha."

"Basi iko rahisi. Weka saba tatu, washa. Haraka, Sitti!"

Sitti aliganda.

Saba tatu. Yaani saba mara tatu mfululizo: fungulia kila mtu faili asome, aandike, afanye atakavyo. Okidi huyuhuyu aliwahi kumchapa rula vidoleni kwa kosa hilo. "Kwanza uliza faili ni ya nani," alikuwa akisema, mpaka kikosi kizima kikamchoka.

Akauliza. Aliandika amri fupi kwenye kompyuta ya ThinkPad, akabonyeza.

Faili zote zilikuwa mali ya mfumo, isipokuwa moja, ile ya orodha. Iliwekwa saa tatu na dakika mbili asubuhi hiyo. Mfumo uliikataa kwa sababu haikuwa yake.

Mmiliki: okidi.

Mzee alikuwa amechomeka orodha nyingine, namba ya lori lile imefutwa. Hodari sana, ila haraka ilimponza: alisahau kubadilisha jina la mmiliki. Sasa alitaka mkono wa Sitti ummalizie kazi: mfumo usome orodha yake, geti lifunguke.

"Sitti! Umefika wapi?"

"Dakika moja, afande."

Aliiweka faili ile pembeni, iwe ushahidi. Akachukua nakala ya jana, akaikabidhi kwa jina la mfumo, akawasha.

Taa ya kijani: mfumo umeamka. Namba ya lori ikatokea kwenye skrini kwa rangi nyekundu.

Akashika redio, akamwita mwenzake aliyekuwa getini. "Abdunoor, kamata dereva. Na mkuu pia."

"Mkuu gani?"

"Wetu."

Aliposhuka, Okidi alikuwa ameshanyang'anywa Glock.

"Nilikuambia saba tatu," alisema Okidi kwa sauti ndogo.

"Ulinifundisha niulize faili ni ya nani, afande."

Okidi akatazama chini.

"Ulikuja matangani kwetu," Sitti alisema. "Ulishika koleo, ukamfukia Nasif."



Sitti akavaa helmeti, akawasha Yamaha, akapita getini taratibu, mgongo wima. Askari walimpigia saluti, naye akawarudishia. Alijikaza mpaka relini, ndipo akalia.