Jina la Tano

Chumba cha tatu hakikuwa na kitanda, wala mkeka, wala hata msumari wa kutundikia nguo, na ndiyo maana Kadija alishangaa kukuta pazia la dirisha lake limefungwa. Alilitundika mwenyewe Jumapili, akaliacha wazi ili rangi ya ukutani ikauke. Sasa alilifungua, akanuia kumkemea Sifa, binti yake mdogo, akirudi shuleni, kisha akaenda jikoni kuchukua ndoo. Aliporudi, pazia lilikuwa limefungwa tena, na shule ilikuwa bado haijatoka.

"Upepo," alijiambia. Dirisha nalo lilikuwa limefungwa.

Mtu mwingine angetoka mbio. Kadija hakuwa mtu huyo. Kwa miaka kumi na miwili yeye na mume wake Iddy walikuwa wapangaji hapa Kolwezi, na mara tatu walifukuzwa kwa sababu ile ile: mwenye nyumba aligundua kwamba chini ya sebule kuna madini, akaja na wachimbaji wake, akawapa siku mbili wahame. Mara ya mwisho wachimbaji hawakungoja hata hizo siku mbili. Kadija alisonga ugali wake wa mwisho wa nyumba ile huku shimo likizidi kwenda chini pembeni mwa mbabula ya makaa, na wanaume watatu wakivuta magunia ya udongo kwa kamba mbele ya watoto. Siku hiyo aliapa kwamba nyumba itakayofuata, hakuna binadamu atakayemtoa. Wasio binadamu hakuwafikiria.

Kwa hiyo serikali ilipotangaza kuuza nyumba za bei nafuu, kwenye jengo la ghorofa lenye zege nene chini, zege ambalo hakuna sururu ya mtu yeyote ingeligusa, Kadija alifika kwenye foleni kabla karani hajafika kazini. Tatizo lilikuwa moja tu. Vyumba vitatu vya kulala vilikuwa vya familia ya watu watano, na wao walikuwa wanne: yeye, Iddy, Nafisa mwenye miaka kumi, na Sifa mwenye sita. Iddy alisema waombe vyumba viwili, vinatosha. Kadija alimtazama kana kwamba amesema walale barabarani, akashika kalamu, akajaza mstari wa tano kwa mkono wake. Mauwa. Shangazi wa mume. Miaka sabini na moja. Amezaliwa Kisenge, maana Kisenge ni mbali na hakuna karani angefunga safari kwenda kuuliza. Na ili wapewe ghorofa ya chini, aliongeza: kilema, mguu wa kushoto.

Iddy hakuwa na shangazi. Baba yake alizaliwa peke yake.

Siku ya kupewa funguo karani alisimama mlangoni na faili, akayasoma majina yote kwa sauti, na kila mtu akaitikia lake. Alipofika kwa Mauwa, Kadija aliitikia kwa niaba yake. Alisema, bila kupepesa macho, "Iko mu njia, tata. Anakuja."

Basi alikuja.

Baada ya pazia ilifuata harufu, ya udongo mbichi na chuma, kama ile inayopanda kutoka kwenye mashimo baada ya mvua. Ikafuata vumbi. Kila mchana Kadija alifuta sakafu ya chumba cha tatu, na kila mchana alikuta juu yake vumbi jeusi, zito, la namna ile ile ambayo lori alilokuwa akiendesha Iddy lilirudi nayo kwenye matairi kila lilipopita Kisenge likielekea Dilolo. Halafu zikaja hatua. Hazikuja usiku, wakati ambapo mtu angalau amejiandaa kuogopa. Zilikuja saa saba mchana, jua likiwaka, majirani wakitwanga majani ya sombe: mguu mmoja ulikanyaga, mwingine ukaburutwa. Tu. Kwaruuu. Tu. Kwaruuu.

Siku ya sita Nafisa alitoka kwenye korido na kikombe kitupu.

"Mama, kambo wa mu chambre ya mwisho anaomba mayi."

Bibi? Hawakuwa na bibi humo ndani. "Kambo gani?"

"Kambo Mauwa. Anasema ni we ulimuita."

Jina lile watoto walilisikia mara moja tu, kwa karani; kwamba ni la bibi, hakuna aliyewaambia.

Kadija aliwatoa watoto nje, akachukua mchi wa kutwangia, akaenda. Aliogopa, na tusimpambe kwa ushujaa asiokuwa nao: kanga ilimlegea kiunoni, na kila hatua aliyopiga kwenye ile korido fupi, ambayo juzi aliipima kwa miguu kwa furaha na kuhesabu hatua saba tu, ilionekana kuzaa korido nyingine mbele yake, yenye baridi zaidi na harufu nzito zaidi, mpaka akasikia ladha ya chuma kwenye ulimi, akasikia mtu akihema nyuma ya mlango kwa pumzi za kikongwe aliyechoka na safari, akanyoosha mkono kushika kitasa na kukuta kitasa kinazunguka chenyewe, polepole, kutoka upande wa ndani.

"Piga hodi kwanza," ilisema sauti. "Hata mutoto anajua kupiga hodi."

"Toka mu nyumba yangu!"

"Yako?" Sauti ilicheka kidogo, bila haraka. "Mu papier, hii chambre iko ya nani?"

Kadija aliupiga mlango kwa mchi mpaka rangi mpya ikabanduka. "Balinichimbia chini ya kitanda mara tatu! Mara tatu nikahama! Leo sihami. Unasikia? Sihami!"

"Na mi pia," ilijibu sauti. Kitasa kikarudi mahali pake.

Iddy aliporudi kutoka safari alimkuta mke wake ameketi kwenye korido, mchi mapajani. Alisikiliza yote. Akasikia na zile hatua mwenyewe, akaanza kukusanya nguo.

"Mama Nafisa, tutoke," alinong'ona. "Tuende kwa ndugu yangu Mutshatsha. Nyumba ni bitu tu."

"Bitu?" naye alinong'ona, lakini kwa hasira. "We ukitaka kuenda, enda. Mufunguo inabaki na mi."

Iddy hakwenda. Alikwenda kumwita Mwalimu Nasoro, mfundisha madrasa ambaye siku za kazi aliuza vipuri vya pikipiki sokoni, mtu mpole mwenye grisi kwenye kucha. Mwalimu alikuja baada ya sala ya adhuhuri, akakaa mbele ya mlango wa chumba cha tatu, akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kutuliza, na alipomaliza dua ya kwanza, kutoka ndani sauti ya kikongwe iliitikia kwa adabu: "Amina."

Mwalimu alisita. Akasoma tena, kwa nguvu.

"Amina," ilisema sauti. "Mungu akubariki, mwanangu."

Jasho lilikuwa linamtiririka. Alifunga kitabu, akawavuta Kadija na Iddy mpaka jikoni.

"Mama Nafisa, nani alimukaribisha huyu?"

"Hakuna mutu."

"Usinidanganye. Mwenye kuvunja mulango, mi namufukuza. Huyu hakuvunja. Huyu anaitika amina sawa mutu iko kwake."

Kadija akatoa nakala ya fomu kutoka kwenye bati la biskuti. Mwalimu aliisoma mstari kwa mstari. Alipofika wa tano alishika kichwa.

"Ee, mama. Mu mashimo yenye batu balichimba na kuacha, banaishi wengi, hawana jina. We ulimupatia mumoja jina. Ulimupatia miaka, ukamupatia muguu mubovu, ukamupatia chambre. Halafu mbele ya serikali ukasema anakuja." Alimrudishia karatasi akiishika kwa ncha za vidole. "Mukono yenye iliandika njo itafuta. Mbele ya ule mwenye kupokea uongo yako."

Chini ya fomu yaliandikwa, kwa herufi ndogo ambazo Kadija alizijua kwa moyo, maneno haya: atakayebainika kudanganya atanyang'anywa nyumba.

"Basi tutaishi naye," alisema Kadija.

Alijaribu. Kwa siku mbili alimvumilia yule kikongwe asiyeonekana kama mtu anavyomvumilia mkwe mkorofi. Aliimba alipopika. Alipiga deki akimtukana. Siku ya tatu alisimama mlangoni kuwapokea watoto kutoka shuleni, akaona Nafisa anakuja mbele na Sifa anachelewa nyuma, peke yake, kwenye kivuli cha ukuta. Tu. Kwaruuu. Mguu wa kushoto wa mwanawe ulikuwa unaburuta vumbi.

"Unaumwa, mama?"

"Hapana," alisema Sifa. "Kambo alisema anachoka kuubeba peke yake."

Kadija hakulia. Alimweka mtoto mikononi mwa Iddy, akafunga kitambaa kichwani, akaenda zake ofisini kwa miguu, na njiani watu walimpisha.

Karani, tata Tharcisse, alikuwa anakula karanga juu ya mafaili. Kadija hakuketi.

"Tata, mi nilidanganya. Mauwa hakuna. Leta faili yangu, nimufute."

Tharcisse aliacha kutafuna. Aliinuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Mama, rudi kwako," alisema kwa sauti ya chini sana. "Ukifuta, chambre tatu hauna tena haki yake."

"Bakinyanganya, banyanganye. Mutoto wangu atatembea."

"Ni hapana ile tu." Alivuta droo. Mafaili yalijaa, moja kwa kila nyumba ya jengo lile. Akayafungua moja moja: mstari wa tano, mama mkubwa, kipofu, wa Dilolo. Mstari wa sita, babu, wa Mutshatsha, anakohoa. Karibu kila familia ilikuwa na wake. "Hata mi niko mule, mama. Etaje ya pili, kule juu. Niliandika kambo mwanaume. Sasa niambie: ukimufuta wako, ataenda wapi?"

Kadija alikuwa ameshavuka mto wake wa woga njiani. Alichukua kalamu kutoka mfuko wa shati la karani, akafungua faili yake, akapitisha mstari juu ya Mauwa, juu ya miaka, juu ya Kisenge na juu ya mguu, akikandamiza mpaka karatasi ikachanika. Pembeni akaandika: nilisema uongo. Akasaini.

"Piga kashe."

"Mama..."

"Piga kashe, tata Tharcisse, ama nasema kwa nguvu mpaka inje basikie bote."

Alipiga muhuri. Na kwa kuwa kumshitaki kungekuwa kujishitaki, aliandika kwamba familia ya watu wanne inahamishiwa vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jengo lile lile.

Sifa alimkimbilia mama yake kutoka getini, kwa miguu yote miwili, na hapo ndipo Kadija alipolia, mbele za watu, bila aibu. Chumba cha tatu kilikuwa wazi, pazia limefunguka, hewa safi. Iddy alikuwa ameanza kubeba magodoro kupeleka juu, akicheka peke yake. Kadija alichukua fagio ili amalizie vumbi jeusi.

Vumbi lilitoka chumbani, likapita sebuleni, likavuka kizingiti. Tu, kwaruuu, alama juu ya alama, katika korido ya jengo, kupita mlango wa nje bila kutoka, mpaka mlango wa jirani yao Adolphine, mama wa kanisa, ambaye tangu wahamie hakuwa amemkaribisha mtu. Hapo alama zilikutana na nyingine: nyayo pana za mwanaume asiye na viatu. Zote ziliingia ndani.

Iddy, godoro kichwani, alimwita kutoka kwenye ngazi. Kadija aliegemeza fagio ukutani, akagonga. Mlango ulifunguka kidogo. Adolphine alionekana amekonda, macho mekundu, na nyuma yake mzee mwanaume alikohoa, kisha sauti nyingine, ile ya Mauwa, ikamwambia pole.

"Mama Adolphine," alisema Kadija, "mu papier muliandika nani?"

"Hakuna mutu," alinong'ona Adolphine, akijaribu kuufunga mlango.

Kadija aliweka mguu wake kati ya mlango na kizingiti. Ile kalamu ya karani bado ilikuwa mkononi mwake; alikuwa amesahau kuirudisha.

"Vaa bilato," alisema, akimwonyesha viatu vilivyokuwa nyuma ya mlango. "Tunaenda biro kwa tata Tharcisse. Na tukirudi, tunapanda kwa bale ba etaje ya kwanza, mulango kwa mulango."