Zamu ya Asajile

Mimi si mtu wa kutishika. Nimewahi kumfukuza fisi kwa kofi la uso, muulizeni yeyote kule Ileje, na kama fisi mwenyewe bado yuko hai muulizeni na yeye. Ndiyo maana walipotafuta mlinzi wa mnara wa simu juu ya kile kilima, watu wazima na ndevu zao wakaangalia chini, mimi Lusubilo nikanyoosha mkono. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mkono wa kunyoosha ninao.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mlangoni pa kibanda cha mitambo kuna kisanduku. Kila baada ya muda kinalia, ti... ti... ti... unagusisha kadi yako, kinanyamaza. Huko Dar es Salaam, kwenye ofisi inayoangalia minara yote kwa mbali, mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anaona taa ya kijani pembeni ya jina lako. Maana yake upo, uko macho. Usipogusisha, taa inakuwa nyekundu. Nyekundu ya kwanza wanakupigia simu. Ya pili, kazi huna.

Ukungu ukishuka pale juu huoni hata viatu vyako. Hakuna nyumba. Hakuna mbwa. Sauti ya binadamu niliyoisikia ilikuwa moja tu, ya Judith wa Dar, ikitokea kwenye spika ya kile kisanduku.

"Kaka Lusubilo, upo?"

"Nipo, dada."

Basi. Mwanamume mzima, niliisubiri hiyo "upo" kama mtu anayesubiri chakula.

Jioni hiyo nilipanda kama kawaida, na tochi yangu na chupa ya chai. Jua linazama, ukungu unapanda kutoka bondeni. Nimekaa kwenye kiti alichoacha mlinzi wa kabla yangu, marehemu Asajile, sijanywa hata funda moja, simu ikaita. Mke wangu, Tabita.

"Chupa imepasuka," akasema. "Maji yanatoka."

"Si ulisema bado?"

"Kamwambie mtoto, usiniambie mimi! Niko peke yangu, Lusubilo. Njoo."

Tulishazika watoto wawili, mimi na Tabita. Wote walizaliwa nikiwa mbali, kwenye vibarua. Huyu nilimuahidi nitakuwepo.

Nikatazama kisanduku. Nikatazama njia. Sisi walinzi tuna desturi yetu popote pale: leo unanishikia zamu, kesho nakushikia. Mdomo umezoea. Nikasimama getini, nikasema kwa sauti:

"Mwenzangu, nishikie zamu. Nitakulipa."

Pale hapakuwa na mwenzangu.

Nikafunga kofuli, nikashuka mbio.

Ya zahanati sitawachosha nayo. Bodaboda, matope, mama mkwe anaomba, simu yangu imezima. Mtoto alitoka hata nesi hajamaliza kuvaa glovu. Wa kike! Analia kama honi ya lori la mpakani. Tukamwita Atupele. Nikambeba kidogo, nikachaji simu kidogo, nikarudi kilimani nikijua kazi imekwisha.

Karibu na geti nikasikia harufu. Ugoro... na koti lililolowa mvua.

Mimi sinusi ugoro.

Nikampigia Judith ili nijitetee mapema.

"Dada, nisamehe, nilikuwa..."

"Nikusamehe nini, kaka? Leo hujakosa hata mara moja. Kijani tupu."

Nikalishika kofuli la geti.

"Ila umeninunia," akasema. "Nakuuliza upo, hujibu. Unapumua tu."

Niliingiza mkono mfukoni. Kadi ilikuwepo. Nilikwenda nayo zahanati, nikarudi nayo.

Ndani ya uzio, kisanduku kikaanza.

Ti... ti... ti...

Kikanyamaza.

"Hiyo hapo," Judith akasema. "Umegusisha sasa hivi. Haya, kazi njema, kaka."

Kofuli lilikuwa limefungwa. Nilikuwa nimelishika mkononi.

Nilitaka kukimbia. Miguu ndiyo iliyokataa, si mimi. Ndani ya ukungu kiti kikalia, kriii... kama mtu anageuka kutazama geti. Kisha sauti ya chini, kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kuongea naye.

"Amezaliwa?"

"Amezaliwa."

"Mzima?"

"Mzima. Wa kike."

Nikasikia kama anacheka... au analia, sijui.

"Vizuri," akanong'ona. "Na mimi utanishikia."

Asubuhi Timotheo, fundi wa jenereta anayeleta dizeli, alinikuta nimekaa kwenye matope nje ya geti. Nilimweleza. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Asajile alifia kwenye kile kiti," akasema. "Baridi tu, na moyo. Dar hawakujua. Kwao taa ilikuwa kijani, siku zote hizo, mpaka nilipokuja na dizeli nikakuta ameshaanza kuharibika."

"Nani alikuwa anagusisha?"

"Kadi nilimkuta nayo shingoni, chini ya koti." Akatema mate pembeni. "Ila aliwahi kuniambia, siku alipokwenda kumzika mama yake, kuna mtu alimshikia zamu. Nikamuuliza nani. Akabadilisha maneno."

"Na kabla ya Asajile nani alilinda hapa?"

"Usiniulize mimi, Lusubilo. Mimi naleta dizeli."

Nikamkabidhi kadi na funguo palepale. Siku hiyohiyo nilichukua mke na mtoto, tukaja Tunduma. Tumepanga chumba mtaa wa Chapwa, honi za malori usiku kucha, watu wamejaa kama siafu. Nimependa. Mtu hawezi kuwa peke yake hapa hata akitaka.

Judith alinipigia mara moja tu, mwanzoni. "Kaka, nasikia umeacha kazi. Mbona jina lako bado lina kijani? Umemwachia nani?" Nikamwambia mtandao wao mbovu, waite fundi. Akacheka. Mimi sikucheka, lakini nililala. Kijani maana yake Asajile bado yuko kwenye kiti chake, na mimi sidaiwi bado.

Jioni hii Tabita anamwogesha Atupele, simu ikaita. Namba ya Dar.

"Kaka Lusubilo," Judith alisema polepole. "Taa yako imekuwa nyekundu. Upo?"

Nilitaka kusema sipo. Ulimi umezoea.

"Nipo, dada."

Nikakata. Kwenye chumba chetu hakuna mtambo wowote, hata redio hatuna. Lakini mlangoni, kwa nje...

Ti... ti... ti...

Ugoro. Koti lililolowa. Nimeingiza mkono mfukoni, kuna kitu chembamba, cha baridi, kina umande. Sijakitoa. Nimekaa kitandani, nawaandikia haya kwa mkono mmoja.

Mtoto ameanza kulia. Tabita amegeuka kunitazama, amechoka, povu mpaka kwenye viwiko.

"Baba Atupele," anasema, "si utoke ukakizime hicho kitu, mwanao alale?"