Buji za Mutoto wa Kasulo

Kila Jumamosi asubuhi Mignonne hufua nguo uani, na mumewe Ezéchiel huosha gari lake. Nguo huisha. Gari haliishi.

Ni Starlet ndogo nyekundu. Ezéchiel aliitengeneza upya kwa mikono yake, miaka mitatu. Aliifungia turbo, ile mashine inayosukuma hewa nyingi ndani ya moteri, yaani injini. Aliiwekea pistoni ngumu zilizosafiri miezi minane hadi kufika Kolwezi. Nyuma aliandika kwa rangi nyeupe: MUTOTO WA KASULO. Likinguruma, vikombe hucheza mezani na watoto wa avenyu nzima hutoka mbio.

"Muke mwenzangu anaamuka," Mignonne alisema asubuhi hiyo. Lakini aliacha kufua akasikiliza. Sauti ile ilikuwa nzuri, hata yeye hakuweza kukana.

Ilibaki wiki moja. Jumapili iliyofuata, klabu ya magari ingefunga barabara ya zamani ya mgodi, ncha zote mbili, kwa mashindano. Tata Kabongo, baba wa Ezéchiel, angekuja kutoka Tenke kutazama. Mzee huyo hakuwahi kuliona gari likikimbia. Alikuwa akisema tu, "Mutoto wangu anachezea byuma." Ezéchiel alitaka baba yake aone kwa macho. Na pistoni zile zikiungua, hakukuwa na nyingine.

Jumamosi hiyo alifungua buji nne. Buji ni kile kichuma kidogo kinachopiga cheche ndani ya moteri ili esansi, yaani petroli, iwake. Alikuwa ametoka sokoni Manika polepole, nyuma ya minibasi. Buji zilitoka nyeusi kama makaa.

Ezéchiel alichimba Kasulo, mtaa wa mashimo ya kobalti hapo Kolwezi, miaka sita. Jiwe la kobalti alilijua kwa rangi, kabla mnunuzi hajatoa mashine yake.

"Mi nasoma jiwe. Nitashindwa buji?" alijigamba. "Nyeusi maana yake moteri inasikia baridi. Naweka buji ya moto. Gari ya mbio inataka moto!"

Akaweka. Mchana akaenda kujaribu kwenye barabara ya klabu. Alipokanyaga hadi mwisho, moteri ikapiga kelele kali, kama changarawe inayotikiswa ndani ya kopo. Nguvu ikapotea. Ezéchiel akashtuka, akazima palepale.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi nyumbani. Njia nzima watu walicheka. "Mutoto wa Kasulo anabebwa mugongoni!" kijana mmoja wa taxi-moto alipaza sauti.

Mama Bilonda, jirani yao, alikuwa akichambua maharagwe. Mama huyu alitengeneza magari ya mashindano Lubumbashi miaka kumi na tano. Mikono yake imewahi kufungua moteri nyingi kuliko milango. Akaweka sinia chini.

"Ezéchiel, iko na shida gani?"

"Inalia, mama. Kama mutu anakaanga karanga mu moteri."

"Ulizima palepale? Hukuiwasha tena?"

"Palepale. Nilikuya na kamba. Batu banacheka, banacheka tu."

"Bacheke. Ile kamba imetunza habari yote iliyo kwenye buji. Fungua buji."

Mama Bilonda alivaa miwani, akaigeuza buji juani taratibu.

"Angalia hapa. Kauri yake ni nyeupe kabisa, kama imechomwa. Na hizi nukta ndogo zinazong'aa, unaziona? Ni pistoni yako. Inaanza kuyeyuka."

Mignonne alishika kichwa. "Imekufa?"

"Hapana. Buji imepiga kelele mapema, na bwana yako akasikia. Ingeendelea kidogo, tungelia wote."

"Lakini asubuhi zilikuwa nyeusi!" alisema Ezéchiel.

"Ulizifungua wapi?"

"Hapa, kwenye geti."

Mama Bilonda akacheka. "Wee, muchimbaji muzima! Kule Kasulo, ulitoa jiwe la kupima wapi? Kwenye mudomo wa shimo?"

"Aa! Chini, mama. Chini kwenye jiwe lenyewe. Ya juu ni udongo tu."

"Basi? Mwendo wa sokoni ni udongo wa juu. Moteri ikienda polepole, buji inashika masizi. Unataka ukweli? Weka buji safi. Kimbiza gari kwa nguvu yote, pale barabara imefungwa. Halafu kanyaga ambreyaji ili moteri iachane na magurudumu, zima, liache lijiendee hadi lisimame. Fungua palepale."

Ezéchiel aliinamisha kichwa. Mtu aliyejua mashimo yote ya Kasulo alikuwa amepima udongo wa mlangoni.

"Na ile buji ya moto?"

"Cheche ni ileile. Buji ya moto inabaki na joto. Ya baridi inalitoa haraka. Turbo inaleta joto nyingi, kwa hiyo inataka ya baridi. Na namba iliyoandikwa kwenye buji usibahatishe: kwa fabriki moja namba ikipanda buji ni ya baridi zaidi, ingine inageuza. Soma karatasi yao."

Walichagua buji baridi zaidi kwa hatua mbili kuliko zile za kiwandani. Mama Bilonda akapima nafasi ndogo ambamo cheche huruka, kwa kipande chembamba cha chuma, akaipunguza.

"Turbo inapuliza kwa nguvu. Nafasi ikiwa pana, cheche inazimika kama kiberiti kwenye upepo. Lakini sikia: buji haiponyeshi moteri yenye njaa ya esansi. Ikitoka nyeupe tena, usikimbie. Tutatafuta esansi inakwama wapi."

Jumapili ikafika. Tata Kabongo alisimama kando ya barabara, mikono nyuma. Kabla ya mashindano kila gari lilipewa mwendo mmoja wa kujaribu. Mutoto wa Kasulo akapita akinguruma, vumbi jekundu likainuka, kisha ghafla kimya. Likateleza bila sauti.

"Imekufa?" mzee aliuliza.

"Hapana, tata," alisema Mignonne. "Anaenda kusoma."

Buji ilitoka na rangi ya mandazi yaliyoiva vizuri. Hakuna nukta hata moja. Mama Bilonda aliifunga tena kwa mkono wake, akapiga kofi juu ya boneti.

Ezéchiel alikimbia mara tatu siku hiyo. Akashindwa mara moja, akashinda mara mbili, na moteri ikaimba hadi mwisho. Jioni baba yake, aliyesimuliwa yote na Mignonne, alimwita.

"Ile buji mubaya, unayo?"

Ezéchiel akaitoa mfukoni. Mzee akaigeuza juani taratibu.

"Hizi nukta zinasema nini? Anza mwanzo. Polepole."

Ezéchiel akaanza mwanzo. Alipomaliza, Tata Kabongo aliifunga buji ndani ya kitambaa chake, akaiweka mfuko wa shati.

"Hii inaenda Tenke," alisema. "Nitabaonyesha mutoto wangu anasoma nini."