Ncha ya Pili ya Shuka

Shuka halikugusa sakafu. Hilo ndilo lililomshtua Bi Povu.

Miaka yote aliyofua nguo za hospitali alijua kukamua shuka ni kazi ya wawili: huyu anashika ncha hii, yule ile, mnasokota mpaka maji yaombe radhi. Lakini mwenzake alihamishwa, pengo lake likazibwa kwa ahadi. Mashine ilikufa, fundi akasema anasubiri kipuri, na nadhani kipuri nacho kinamsubiri fundi. Sabuni ilikuja kama mgeni wa heshima: imechelewa, tena kidogo.

Mchana huo muuguzi mkuu alichungulia mlangoni.

"Bi Povu, mashuka! Daktari kasimama tu, hana cha kutandika. Bila shuka safi hapasuliwi mtu."

"Mwanangu, mikono yenyewe ndiyo hii miwili."

"Basi iharakishe, mama. Anayesubiri ni binti yako, na mtoto tumboni amelala mkingamo."

Bi Povu akairusha ncha ya shuka mbele yake, na kwa mazoea ya ulimi akatamka alilokuwa akimwambia mwenzake kila siku:

"Kamata, shoga."

Ikakamatwa.

Chumba kikanuka udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Mimi ningeshavuka mpaka wa nchi, viatu vikinifuata nyuma. Lakini Bi Povu alikuwa na binti kitandani, kwa hiyo akarusha la pili, likakamatwa, akarusha lingine na lingine, yakatoka makavu kana kwamba yameshinda juani, na kila lilipokazwa baridi ilimpanda kutoka vidoleni hadi viwikoni, na pumzi nzito iliyokuwa mbali ikasogea, shuka kwa shuka, mpaka akaihisi kwenye paji la uso, naye akainamisha kichwa, maana alijua fika kwamba akiinua macho yatakutana na mengine.

Muuguzi aliporudi alipiga makofi. "Kumbe peke yako unaweza! Nitawaambia wakubwa wasihangaike kuleta mtu."

"Usiwaambie hivyo," Bi Povu akanong'ona. "Niletee mtu, mwanangu. Mtu. Mwenye nyayo."

"Una vituko wewe mama!" Muuguzi akacheka, akabeba mashuka, akaondoka.

Kicheko kikabaki mle ndani.

Jioni akaitwa wodini. Binti yake alikuwa mzima, amechoka, anatabasamu. Kitoto kimefungwa kwenye shuka moja kati ya yale ya mchana.

"Haya bibi, mpokee mjukuu," muuguzi akasema.

Bi Povu akanyoosha mikono, akampokea. Kizito kidogo, cha moto, kinanuka maziwa. Kisha kikanuka udongo. Ncha ya shuka iliyokuwa ikining'inia ikainuka taratibu, ikanyooka hewani, ikakaza upande wa pili.

Na sauti ikamwambia sikioni, kwa upole wa mfanyakazi mwenza:

"Kamata, shoga."