Kipimo cha Nane

Fundi redio alikuwa ametengeneza vipimo saba vya mafuriko, si vinane. Bomba la plastiki, betri ya simu mbovu, antena ya waya. Akavisimika mtoni kuanzia darajani hadi mtaa wa bondeni, kila kimoja kikirusha hewani kina cha maji mpaka kwenye skrini ya karakana yake. Kwa hiyo mchana ule wa jua kali alipoona mstari mpya, "Namba 8: sentimita 11," alicheka.

"Hiki nacho kimezaliwa lini?"

Mumewe, seremala, hakucheka. Alisimama mlangoni, suruali imelowa hadi vifundoni.

"Umekanyaga maji wapi?"

"Sijatoka humu ndani."

Kesho yake namba nane ilisoma arobaini na tisa. Magotini. Kesho kutwa, tisini na nane; kiunoni. Seremala alibadili nguo zikalowa, akaota jua akazidi kutetemeka, na nyumba nzima ikanuka tope bichi. Mkewe akang'oa nyaya zote za skrini, akarudi kuikuta inawaka vilevile, inasoma mia na thelathini na moja, na huku chumbani mumewe anahema kama mtu anayeinua kidevu asimeze mto.

Mama mkwe akamleta mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alinusa mlangoni, hakuingia.

"Bomba la darajani umelichomeka wapi?"

"Dimbwini. Chini kabisa."

"Umemchoma mwenye dimbwi. Umempima, naye anakupimia mumeo. Ng'oa yote saba kabla hajafika puani."

"Mvua ziko njiani, bibi," fundi alinong'ona. "Watu wa bondeni wanalala kwa kutegemea onyo langu la simu."

Mama mkwe akamshika mkono. "Mwanangu, wa bondeni wana mama zao. Huyu mama yake ni mimi."

Fundi akaenda mtoni. Aling'oa la kwanza, la pili, la tatu, huku mganga akisoma na kunyunyiza kule nyumbani, na kila bomba lilipotoka seremala alitapika maji meusi yenye visamaki, mpaka la saba lilipotoka harufu ikakatika, namba nane ikafutika, akalala mkavu kama kuni. Fundi hakuwaambia watu wa bondeni. Aliona haya.

Siku ya tisa baada ya hapo mto uliingia bondeni alfajiri bila hodi. Watu kumi na wanne. Mama mmoja alikutwa amekumbatia mtoto, simu kiganjani, akingoja ujumbe.

Seremala alitengeneza majeneza yote, mchana na usiku, bila futi wala penseli, na kila jeneza lilimkaa mwenyewe sawasawa. Wote wakazikwa. Msumeno haukunyamaza.

"Baba watoto, pumzika," mkewe alimsihi. "Wamekwisha. Hili la nani?"

Akageuka akitabasamu, akamwekea utosini kidole kimoja, kibichi, cha baridi.

"Mia na hamsini na nane," alisema, kwa sauti ya maji yanayobubujika kutoka chini. "Na la mama mkwe liko tayari."