Maji ya Mfupa wa Joka

Kila jioni baada ya masomo, ngoma zilirindima katika uwanja wa shule mjini Puzi mpaka wauza tambi wa ng'ambo ya barabara wakalalamika. Jumamosi kiti chenye sanamu ya Mazu, mungu wa kike anayeulinda mji, kingepitishwa mitaani, na wanafunzi wa darasa la sita ndio wangetangulia na ngoma. Ngoma kubwa kuliko zote ilikuwa ya Pei-Jun. Msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito, lakini akishika vijiti vile, weee! Hata walimu waliacha kusahihisha madaftari wakachungulia dirishani.

Wiki hiyo, hata hivyo, vijiti vilikuwa vizito. Kichwa kilimgonga kila alipoipiga ngoma.

"We Pei-Jun, leo unapiga kama hujala tangu juzi," rafiki yake Ya-Hui alimtania.

"Piga ngoma yako, niachie yangu," Pei-Jun alimjibu. Hakumwambia mtu kwamba anaumwa. Angesema, mwalimu angempa Ya-Hui nafasi yake, na hilo hakulitaka hata kidogo.

Nyumbani aliishi na Bibi, mama wa baba yake, kwa kuwa wazazi wake walifanya kazi kiwandani katika mji wa mbali wa Hsinchu. Bibi alimgusa paji la uso, akaguna. "Joto limekuganda mwilini, mjukuu wangu. Hebu lala."

Alimlaza kifudifudi, akampaka mafuta, akamkwangua shingo na mgongo kwa ukingo wa kijiko cha kauri mpaka ikatokea michirizi myekundu. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Hakuna nyumba mtaani pale isiyokwangua homa. Lililofuata ndilo halikuwa la kawaida. Bibi alifunga mlango, akafungua kopo la biskuti, akatoa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki baba mdogo wa Pei-Jun alipovimba jino.

"Hivi vilimaliza usaha wa baba yako mdogo, vitamaliza na homa yako," alinong'ona. "Lakini mama yako asijue. Unanisikia? Atanitoa roho!"

Bibi hakuwa akitania. Mwaka uliopita mkwe wake alimkuta akimpa mtoto dawa ya kikohozi ya jirani, akamgombeza mbele ya wageni. Aibu ile ilikuwa bado haijamtoka.

Pei-Jun aliahidi kunyamaza, akameza. Alimeza asubuhi, akameza jioni, na homa ikashuka. Akafurahi kweli. Kumbe furaha ya bure! Ijumaa asubuhi alitapika kitandani, mwanga wa dirishani ukamchoma macho, na alipojaribu kuinamisha kidevu kifuani, shingo ilikataa katakata. Bibi alipoona hivyo alitoka mbio na ndara kuita teksi.

Hospitalini walipokewa na Daktari Liao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alimpima shingo, akamgeuza, akaona michirizi mgongoni.

"Umekwanguliwa," alisema. "Usijali, hata mimi mama yangu hunikwangua. Je, amepewa dawa yoyote?"

"Dawa? Hakuna dawa," Bibi alidakia. "Chai ya tangawizi tu." Kisha akamtupia mjukuu wake jicho.

Pei-Jun akafumba macho, akanyamaza.

"Nahofia homa ya uti wa mgongo," daktari alisema. "Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando, na huenda utando huo umeingiliwa na vijidudu. Inabidi tuchukue maji kidogo ya uti wa mgongo tuyapime."

Bibi aliruka kutoka kitini. Kwao uti wa mgongo huitwa mfupa wa joka, na wazee huamini maji yake ndiyo nguvu za mtu. "Maji ya mfupa wa joka? Thubutu! Mzee Hong jirani yetu alichotwa maji hayo, mpaka leo kiuno kinamuuma!"

"Mzee Hong ana umri gani, Bibi?"

"Themanini na mmoja."

"Na bado hujakijua kinachomuuma kiuno?"

Muuguzi alicheka, lakini Bibi hakucheka. Daktari akakaa karibu naye. "Bibi, nasikiliza hofu yako. Sindano inaingia chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umekwishaisha. Nachukua maji kidogo tu, na kesho mwili utakuwa umekwishatengeneza mengine. Nikichelewa, ndipo mtoto atakapodhurika."

Walimpigia simu mama yake Pei-Jun. Sauti yake ilisikika wazi: "Fanya, Daktari. Tunakuja na treni ya kwanza."

Daktari Liao akamwinamia Pei-Jun. "Sitakuvizia. Kila nitakachofanya nitakuambia kwanza. Utalala ubavu, ujikunje kama uduvi wa kuchemsha, magoti tumboni. Nitakusafisha kwa dawa ya baridi. Sindano ya kwanza ni ya ganzi. Itauma kama nyigu. Ya pili hutasikia uchungu mwingi, ila utahisi unasukumwa. Kazi yako ni kutotikisika. Ukihisi chochote, sema kwa mdomo, usiseme kwa miguu. Sawa?"

"Sawa."

"Yale maji ndiyo yatakayotuambia kama ni bakteria au virusi, na dawa zake si sawa. Kama kuna dawa iliyokwishaingia mwilini, vijidudu hujificha. Kipimo kinasema hamna kitu, kumbe wamo."

Pei-Jun alimtazama Bibi. Bibi alikuwa akitazama ndara zake.

Muuguzi alimlaza ubavu, akamkumbatia magoti na mabega. Mgongo ukaguswa na pamba ya baridi, mara ya kwanza, mara ya pili. Pei-Jun aliogopa sindano, ndiyo, lakini kilichomsumbua zaidi hakikuwa sindano. Akisema, Bibi ataumbuka. Bibi aliyempikia uji kila asubuhi, aliyemwamini. Asiposema, je? Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameficha siku nyingi.

"Ganzi inakuja," daktari alisema.

"Daktari, subiri!"

"Unaogopa? Si vibaya kuogopa."

"Nilimeza vidonge. Tangu Jumanne. Vidonge vya jino vya baba mdogo."

"Pei-Jun!" Bibi alisema, kwa sauti ndogo sana. Mtoto alianza kulia, lakini hakutikisika.

"Nisamehe, Bibi. Nisamehe. Sitaki vijidudu vijifiche."

Daktari aligeuka akamtazama yule mzee. Bibi alifungua mkoba wake, akatoa vidonge vilivyobaki, akaviweka mezani. Alikuwa amevibeba ili aendelee kumpa kwa siri.

"Ahsante," Daktari Liao alisema, na hakuongeza lawama. Alimwomba muuguzi aandike jina la dawa kwa ajili ya wapimaji. "Sasa nitajua jinsi ya kuyasoma haya maji. Pei-Jun, uduvi wangu, tuko tayari?"

Ganzi iliuma kama nyigu, kama alivyoambiwa. Kisha ikaja ile kusukumwa, nzito, kama gumba la mtu linalobonyeza mfupa. Ghafla mguu wa kushoto ulishtuka kama umepigwa na umeme.

"Mguu! Mguu wa kushoto!"

"Vizuri umesema. Nasogeza kidogo. Sasa?"

"Umeacha."

Maji yakadondoka, tone baada ya tone, kwenye vichupa. Bibi, aliyesema hatatazama, alikuwa ameshika kidole cha mguu cha mjukuu wake na kukikaza. Mara plasta ikabandikwa, na kazi ikawa imekwisha. Dawa ya mshipani ilianza kushuka papo hapo.

"Ulale kwa utulivu, unywe maji kwa wingi," muuguzi alimwagiza. "Mgongo utauma kidogo. Kichwa kikikuuma unapokaa, bonyeza kengele. Na miguu ikifa ganzi, au mgongo ukitoa majimaji, usingoje hata dakika."

Jumamosi ilipita. Kiti cha Mazu kilizungushwa mjini, na Ya-Hui ndiye aliyepiga ngoma kubwa. Pei-Jun alilia mpaka mto ukalowa. Alipoketi ajifute uso, kichwa kikawa kama kinapasuliwa, alipolala, kikapoa. Akajiuliza: nikisema, si watanizuia hapa zaidi? Aliwaza hivyo kwa kitambo kidogo tu, kisha akabonyeza kengele.

"Ndicho nilichokuambia," muuguzi alimtuliza, akimpa maji na dawa ya maumivu. "Tundu la sindano linavuja kidogo ndani. Litaziba. Umefanya vyema kuniita."

Siku iliyofuata Daktari Liao aliingia na majibu. Baba alikuwa ameshuka kununua chakula. Mama, aliyekuja naye kwa treni, alikuwa amekaa kitandani, Bibi amesimama pembeni.

"Tulijaribu kuwaotesha bakteria kutoka kwenye yale maji, hakuna hata mmoja aliyeota," daktari alisema. "Lakini chembe zinazopigana nao zimejaa kwenye maji. Ni wao, ila walikuwa wamejeruhiwa na vile vidonge. Nisingejua habari za vidonge, huenda ningedhani ni virusi tu, nikaacha dawa mapema. Ugonjwa ungerudi, na pengine ungemwacha kiziwi. Sasa tutaendelea na dawa mpaka apone kabisa."

Mama aligeuka. "Vidonge? Vidonge gani?"

Daktari alikuwa amedhani mama anajua. Neno lilikuwa mdomoni mwa Pei-Jun, lakini halikuwa lake kulisema.

Bibi alisogea mbele. "Ni mimi niliyempa, mkwe wangu. Nikamfunga mdomo, nikamdanganya na daktari. Niliuogopa ulimi wako kuliko homa ya mtoto. Haya, nigombeze. Leo sitakasirika."

Machozi yalimtoka Mama. "Mama, ungeniulia mtoto!" alisema. Kisha akasema polepole, "Lakini ni mimi niliyekuaibisha mbele ya watu mpaka ukaogopa kuniambia. Nilikosea."

Bibi alimgeukia Pei-Jun, akamshika mkono usio na sindano. "Sikia, mjukuu wangu. Daktari hana macho ya kuona tulichokimeza. Anaona kile tu tunachomwambia. Akikuuliza umekula nini, umemeza nini, unaumwa wapi, mwambie yote, hata kama aliyekupa ni mimi." Akavuta pumzi. "Hasa kama aliyekupa ni mimi."

Mama akamsogezea kiti, Bibi akakaa.